Wiki mbili za ripoti: tathmini ya huduma ya kifungo cha nje kwa anayekosa mara ya kwanza

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala tangazo, na hakuna mtu anayeitafuta akiwa na raha zake. Ni huduma ya urekebishaji tabia, inayotolewa na serikali ya Kenya kupitia maafisa wanaofanya kazi na mahakama, wale ambao kwetu huitwa kwa mkato watu wa probesheni. Mimi niliitumia nikiwa mjomba wa mshtakiwa. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 22, alikiri mbele ya hakimu kwamba alimwibia mwajiri wake mifuko sita ya saruji na ndoo mbili za rangi kutoka katika duka la vifaa vya ujenzi alimokuwa ameajiriwa, katika mji mmoja wa pwani. Hakuwa amewahi kushtakiwa kabla ya siku hiyo. Aliamriwa kuitumikia jamii kwa miezi minane, akaimaliza, na sasa ninaweza kuandika bila hofu ya kumharibia. Mahakama na ofisi iliyotuhudumia sitazitaja, kwa kuwa sikuja hapa kumshtaki mtu.

Kwa msomaji anayetaka jibu la haraka, ninaipa huduma hii nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu ya kwanza iliyopungua ni ya vifaa vya kazi, nami nitaieleza kwa maneno machache. Ile moja nzima ilipotea katika wiki mbili zilizopita kati ya siku kijana alipokiri na siku alipoadhibiwa, na juu ya wiki hizo ndiko nitakakokaa zaidi, kwa sababu nimeamini kwamba mabadiliko yote yaliyofanywa katika kanuni za utoaji wa adhabu hapa Kenya tangu 2016, kwa mtu aliyekosa mara ya kwanza, humfikia kupitia karatasi chache zinazoandikwa katika muda huo.

Sharti nieleze sheria kidogo, maana bila hiyo mtu hawezi kujua huduma inaanzia wapi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 275, inaweka kifungo cha hadi miaka mitatu kwa wizi wa kawaida. Mwizi akiwa ni mwajiriwa aliyemwibia mwajiri wake, kifungu cha 281 kinapandisha kiwango hicho hadi miaka saba, kwa hoja kwamba pamoja na mali, ameiba na imani aliyopewa. Sisi tulikuwa tumehesabu saruji na rangi na kuona hasara isiyozidi elfu kumi na chache. Sheria ilikuwa inahesabu kitu kingine. Siku ya kwanza, wakili mmoja kijana aliyekuwa akisubiri kesi yake kwenye benchi la nje alinitajia miaka saba kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja nauli, na miguu yangu ikaishiwa nguvu.

Miaka hiyo saba ni kilele, na hakimu hajalazimishwa kukifikia. Hata hivyo, kwa muda mrefu umbali kati ya sifuri na kilele uliachwa wazi, kila hakimu akiujaza kwa busara yake, na kwa sababu hiyo watu wawili waliotenda kosa moja wakiwa katika hali moja waliweza kutoka katika mahakama mbili na adhabu zisizofanana hata kidogo. Idara ya Mahakama ilijaribu kuliziba pengo hilo mwezi wa Januari 2016, wakati Willy Mutunga alipokuwa Jaji Mkuu, kwa kutoa mwongozo wa sera ya utoaji wa adhabu uliotayarishwa na jopokazi la majaji na wadau wengine. Mwongozo huo ulipendekeza kwamba hesabu ya kifungo ianzie katika nusu ya kiwango cha juu kilichowekwa na sheria, kisha ipande kwa sababu zinazolizidisha kosa na ishuke kwa sababu zinazolipunguza. Vilevile ulisema kwamba mtu anayekosa kwa mara ya kwanza, baada ya uzito wa kosa kuzingatiwa, afikiriwe kwa adhabu isiyo ya gerezani. Toleo lililorekebishwa lilitoka 2023, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, nalo likaongeza katika malengo ya adhabu upatanisho na kumrudisha mkosaji katika jamii, pamoja na yale malengo ya zamani ya kulipiza, kuonya, kurekebisha, kurejesha haki kwa aliyekosewa, kuilinda jamii na kulikemea kosa hadharani.

Sasa nusu ya saba ni tatu na nusu. Nayo Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii, ya 1998, inamruhusu hakimu kutoa amri ya kuitumikia jamii ikiwa kosa lenyewe lina kifungo kisichozidi miaka mitatu, au, likiwa na kifungo kirefu zaidi, ikiwa hakimu ameridhika kwamba miaka mitatu au chini yake inatosha kwa mtu aliye mbele yake. Mpwa wangu alianzia miezi sita juu ya mstari. Alikuwa na mambo matatu ya kumteremsha: alikiri mapema, alikuwa kijana, na hakuwa na rekodi. Nilipoketi na kuiandika hesabu hiyo nyuma ya bahasha, ndipo nilipofahamu kwamba ule usemi wa «ni kosa lake la kwanza, mheshimiwa», ambao nimeusikia tangu utotoni ukitamkwa na kina mama wenye leso machoni, umepewa uzito unaoweza kupimwa. Mahakama ya Juu yenyewe, katika uamuzi wa Muruatetu wa tarehe 14 Desemba 2017, ilipoondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji, iliorodhesha mambo ambayo mahakama ya kutoa adhabu yafaa iyatazame, na kuwa mkosaji wa mara ya kwanza ni la pili katika orodha hiyo, likitanguliwa na umri tu. Mahakama hiyo iliongeza kwamba orodha na mwongozo ni vya kushauri, na kwamba hiari ya hakimu inabaki pale pale.

Neno hilo la hiari ndilo linaloifanya huduma hii iwe na thamani, na ndilo pia linaloifanya iwe na kasoro. Hakimu aliyeambiwa afikirie kumwachia mtu nje ya gereza anahitaji kujua mtu huyo ni nani, naye amemwona kizimbani kwa dakika kumi. Hawezi kwenda kwao. Hawezi kumuuliza jirani. Kwa hiyo humwagiza afisa wa urekebishaji tabia aende badala yake, na kesi inaahirishwa hadi ripoti irudi, kwetu kwa muda wa wiki mbili.

Afisa aliyepewa faili yetu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti lakini si mwepesi wa kudanganyika. Alifika kwa dada yangu siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, akiwa amepanda bodaboda, bila kutupigia simu kabla, jambo ambalo mwanzoni lilituudhi na baadaye nikaona ni hekima. Hakukubali chai mpaka alipomaliza kuuliza. Aliuliza nani analala wapi, kijana alifika darasa la ngapi na aliacha kwa nini, fedha za saruji zilikwenda wapi, kama anakunywa, kama anatafuna muguka, anaandamana na nani jioni. Dada yangu alitaka kujibu kila swali kwa kumsifu mwanawe, afisa alimsikiliza hadi mwisho kisha akamuuliza: «Na aliporudi na fedha zisizo za mshahara, mama, ulimuuliza zimetoka wapi?» Dada yangu alinyamaza. Baadaye nilisoma mstari mmoja katika ripoti uliosema kwamba mama wa mshtakiwa ana mapenzi mengi na usimamizi mdogo, na kwamba mjomba wake, mwalimu mstaafu anayekaa jirani, amekubali kumsimamia. Hivyo ndivyo nilivyoingizwa katika kesi ambayo nilidhani nimeisindikiza tu.

Kutoka kwetu alikwenda kwa naibu wa chifu, akamtafuta mzee wa mtaa, kisha, na hili nalisifu kuliko yote, akaenda kwa mwenye duka. Hapa sheria na mwongozo vimebadilika kwa namna ambayo watu wengi hawajaitambua. Tangu Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014, aliyekosewa ana nafasi ya kusikika wakati wa kutoa adhabu, na afisa mzuri huitumia nafasi hiyo vizuri. Mwenye duka alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya hasira. Alisema kijana yule alikuwa akila naye sahani moja wakati wa Ramadhani. Alisema pia kwamba angependelea alipwe mali yake kuliko kuambiwa kwamba mtu fulani yuko jela. Maneno yote mawili yaliingia katika ripoti, moja halikufutwa ili kulipamba lingine. Tulilipa fedha hizo kwa mafungu mawili kabla ya siku ya adhabu, na risiti zikaambatishwa.

Kazi hii yote haikutugharimu hata shilingi. Nalisema kwa herufi nzito kama ningekuwa na herufi nzito, kwa sababu siku ya pili baada ya kijana kukiri, mtu aliyevaa shati safi na kubeba faili alinifuata nje ya lango la mahakama akaniambia kwamba ripoti «nzuri» inagharimu shilingi elfu tatu na kwamba yeye ana njia ya kuifikisha. Hakuwa afisa. Hakuwa karani. Alikuwa mtu wa lango, na nimeambiwa kwamba kila lango la mahakama lina wa kwake. Ukimwona, mpite.

Sasa nije katika nyota iliyopotea. Katika wiki hizo mbili, mpwa wangu alikuwa rumande. Kabla ya kukiri alikuwa nje kwa dhamana ya polisi. Mara tu alipokiri, hakimu aliamuru azuiliwe hadi ripoti isomwe. Mahakama nyingine huacha dhamana iendelee, nyingine haziachi, na hilo nalo ni katika yale mambo ya hiari. Tazama basi linavyokaa jambo lenyewe: kanuni mpya zinasema kwamba kijana wa namna hii, ikiwezekana, asionje gereza, kwa sababu gereza humkutanisha anayeanza na aliyebobea, kisha, ili tuchunguze kama anafaa asionje gereza, tunamweka humo siku 14. Alilala kwa zamu. Alirudi na upele wa mikono, na alirudi anajua majina ya vitu ambavyo hakuvijua. Ni kweli kwamba kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaitaka mahakama izihesabu siku alizokwisha kuzuiliwa, lakini kifungu hicho hupunguza urefu wa kifungo, na hakina dawa ya upele wala ya maarifa.

Afisa mwenyewe hakuifurahia hali hiyo. Nilipomuuliza kwa nini ripoti isichukue siku tano, alinionyesha mezani kwake faili za wiki ile, lundo lililofika usawa wa kikombe chake, na akanieleza kwamba baadhi ya nyumba anazotakiwa kuzitembelea ziko mwendo wa nusu siku kutoka barabara ya lami, na kwamba gari la ofisi ni moja na mara nyingi halina mafuta. Bodaboda iliyomleta kwetu, nilikuja kujua, aliilipia mwenyewe.

Kuna ubaya mwingine wa wiki hizo, usioonekana kwa macho, nao ndio unaonizuia kuongeza hata robo ya nyota. Ripoti hupima mizizi. Afisa hutafuta nyumba inayojulikana, mzee wa mtaa anayelitambua jina, mtu mzima wa kusimamia, kazi au shamba la kurudi. Sisi tulikuwa navyo vyote. Katika seli ile ile kulikuwa na kijana mwingine, wa umri huo huo, aliyekamatwa kwa kuiba simu, kosa lililo dogo kuliko la mpwa wangu kwa kipimo cha sheria, naye pia hakuwa na rekodi. Alikuwa amekuja mjini kutafuta vibarua vya mjengo, analala katika chumba cha kupanga pamoja na wenzake wanaobadilika kila mwezi. Namba ya simu aliyoitoa ya mama yake huko bara ilikuwa haipatikani. Ripoti yake, kwa maelezo ya mpwa wangu, ilisema kwamba makazi yake hayakuweza kuthibitishwa. Alipigwa faini ya shilingi elfu ishirini.

Faini inaonekana nyepesi, na mwongozo umesisitiza kwamba pale sheria inapotoa nafasi ya faini, hakimu aifikirie kabla ya kifungo, na kwamba atazame uwezo wa anayetozwa. Lakini kila faini hubeba kifungo mgongoni mwake kwa asiyelipa, na kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka ngazi: faini iliyozidi shilingi 15,000 bila kupita 50,000 ina kifungo cha hadi miezi sita. Kwa mtu ambaye mama yake hapatikani kwa simu, elfu ishirini ni miezi sita iliyoandikwa kwa tarakimu. Vijana wawili, kosa la kwanza kwa wote wawili, hakimu mmoja, mwongozo mmoja. Aliyetofautisha alikuwa mzee wa mtaa aliyepatikana na mama ambaye hakupatikana. Sidhani walioandika mwongozo walikusudia hivyo. Nadhani waliandika wakimfikiria mkosaji mwenye kwao.

Siku ya adhabu ilikwenda haraka. Hakimu alisoma ripoti kimya, akamuuliza kiongozi wa mashtaka kama ana rekodi yoyote ya mshtakiwa, akajibiwa hana, ichukuliwe kuwa ni mkosaji wa mara ya kwanza. Kisha akamweleza kijana, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba angestahili kifungo, kwamba ametazama umri wake, kukiri kwake, malipo kwa mwenye duka na ripoti, na kwamba atafanya kazi ya umma bila malipo katika zahanati iliyo karibu na kwao kwa miezi minane. Kwamba akikosa kazini bila sababu atarudishwa mbele yake, na siku hiyo hataulizwa maswali mengi. Akamuuliza kama ameelewa na kama yuko tayari. Niliipenda namna alivyouliza na kungoja jibu, wala hakuendelea kuandika.

Watu wengi huchanganya mambo mawili yaliyomo katika huduma hii, nasi tulichanganya. Uangalizi, ambao ndio probesheni yenyewe, unatokana na Sheria ya Uangalizi wa Wakosaji, Sura ya 64: mkosaji hukaa kwake kwa muda usiopungua miezi sita wala kuzidi miaka mitatu, akiripoti kwa afisa na kutimiza masharti aliyopewa. Huduma kwa jamii ina kazi ndani yake na inakwenda na saa na siku. Zote mbili mitaani huitwa kifungo cha nje, na afisa anayezisimamia anaweza kuwa yule yule, lakini kwa kijana anayetafuta riziki tofauti ni kubwa, kwa sababu ya pili inamla nusu ya siku.

Mpango wa huduma kwa jamii ulichukua nafasi ya utaratibu wa zamani uliowatoa wafungwa wa vifungo vifupi kwenda kufanya kazi nje chini ya maafisa wa utawala, na waliouanzisha walijifunza mengi kutoka Zimbabwe, ambayo ilikuwa imeujaribu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sheria inataja kazi za aina nyingi: barabara za umma, upandaji miti, maji, shule, hospitali, nyumba za mayatima, hata huduma ya kitaalamu kwa mwenye utaalamu. Katika zahanati yetu ilikuwa ni jembe na fyekeo. Fyekeo lenyewe lilikuwa moja kwa watu watatu, na jembe halikuwa na mpini. Hiyo ndiyo ile nusu ya nyota niliyoahidi. Mpwa wangu alifika kila siku ya kazi saa mbili asubuhi, akatia sahihi katika daftari, akafyeka au akangojea fyekeo, akaondoka saa sita mchana. Mwezi wa tatu nilinunua la pili. Msimamizi wa zahanati, ambaye ana wagonjwa wa kuhudumia na hakuajiriwa kulinda wafungwa, aliweka daftari vizuri kuliko nilivyotarajia, na siku mbili kijana alipougua homa alikubali cheti bila maneno.

Jioni alipata kibarua cha kupakia mchanga. Mwenye duka hakumrudisha kazini, na sikumwomba.

Anayesoma hapa akiwa na mtu wake mahakamani lazima aelewe kwamba huduma hii haifiki kila mahali. Kuna makosa ambayo sheria imeyafungia mlango kwa kuweka kima cha chini, na hapo kusema «kosa la kwanza» hakumshushi mtu chini ya kima hicho. Mfano ulio wazi ni Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kwa muda fulani, kuanzia 2022, baadhi ya majaji waliona kwamba vima hivyo vinamnyima hakimu hiari, wakapunguza vifungo. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi moja ya namna hiyo kwamba kima cha chini kilichowekwa na Bunge ni halali, na kifungo cha miaka 20 kikarudishwa. Vivyo hivyo, mwezi wa Julai 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wa Muruatetu ulihusu kosa la mauaji peke yake, na kwa hiyo aliyetiwa hatiani kwa wizi wa kutumia nguvu chini ya kifungu cha 296(2) hawezi kuutegemea. Nimeona jamaa za watu wakijaza matumaini katika mambo haya kwa sababu ya habari walizozisikia nusu redioni. Binafsi sioni ubaya wa kima cha chini katika makosa dhidi ya watoto. Ninachokiona ni kwamba tusiwauzie watu huduma ambayo haipo.

Jambo jingine ambalo afisa wetu alinieleza, na ambalo nimelithibitisha kwa kusoma, ni ibara ya 50(2)(p) ya Katiba ya 2010. Adhabu iliyowekwa na sheria ikibadilishwa kati ya siku kosa lilipotendwa na siku ya kuadhibiwa, mshtakiwa ana haki ya ile iliyo nyepesi. Haki hiyo inahusu adhabu iliyoandikwa katika sheria. Mwongozo, kwa kuwa ni wa kushauri, hauna nguvu hiyo, na mtu hawezi kusimama kizimbani akadai amri ya huduma kwa jamii kwa sababu toleo la 2023 limelipenda wazo hilo. Na kwa aliye na umri chini ya miaka 18, njia ni tofauti kabisa: Sheria ya Watoto ya 2022 ina taratibu zake, nayo ndiyo iliyopandisha umri wa kuweza kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12.

Je, ningempendekezea mtu huduma hii? Ningempendekezea bila kusita, ila ningemwambia aanze kazi siku ile ile mtu wake anapokiri, asingoje afisa aje. Aombe mapema, yeye au wakili wake, kwamba dhamana iendelee wakati ripoti inaandaliwa. Sisi hatukuomba, kwa kutojua kwamba linaombwa. Asiyeweza kumlipa wakili aulize kuhusu msaada wa kisheria wa serikali, ambao uliwekewa sheria yake 2016. Aanze kumlipa aliyekosewa, hata kidogo, na atunze risiti. Amwambie afisa ukweli wote, pamoja na ule unaoumiza, kwa sababu afisa ataupata kwa jirani, na ukweli ulioletwa na jirani husomeka vibaya zaidi katika ripoti.

Na ahakikishe kwamba simu ya mzee wa mtaa inapatikana mchana. Ya mzee wetu ilizimika siku mbili kwa kukosa umeme wa kuichaji, na siku ya tatu, afisa alipokuwa ameshaanza kuandika kwamba mshtakiwa hajulikani vyema mahali anapoishi, mzee alitokea ofisini kwake kwa miguu, akiwa ameshika fimbo yake na simu iliyozima, akauliza: «Nimesikia unanitafuta kuhusu mtoto wa kwetu?»